Kura ya Mwana wa Butiama

Kila mwaka, ifikapo tarehe 14 Oktoba, taifa letu humkumbuka Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia huko London siku hiyo mwaka 1999. Misa husomwa, hotuba hutolewa, na watu wengi hufunga safari kwenda Butiama kulizuru kaburi lake. Sifa zake twazijua sote tangu utoto. Lakini juma hili twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu jambo moja katika maisha yake lisilosemwa sana, nalo ni kazi yake ya kuwawakilisha watu: jinsi alivyokaa katika baraza la kutunga sheria, jinsi alivyotoka humo, aliyoyatetea, na kura aliyowataka wenzake waipige. Mtu aliyetumwa na wenzake kuwasemea hapimwi kwa uzuri wa maneno yake mbele ya umati. Hupimwa kwa yale aliyoyauliza mbele ya wakubwa, na kwa upande aliosimama siku kura ilipohesabiwa.

Twasema hayo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua shauri la kumwombea Mwalimu heshima ya altare, na kwa ajili hiyo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Shauri la namna hiyo si wimbo wa sifa. Sheria ya Kanisa yataka maandishi ya marehemu yachunguzwe, na mashahidi waulizwe yote wayajuayo, yanayomwinua na yanayompunguza. Basi nasi tukimtazama kwa ukweli mtupu hatumkosei heshima. Sababu ya pili ni kwamba jamaa zetu huitwa kila miaka mitano kuchagua wabunge, nazo zahitaji kipimo kilicho bora kuliko fulana na nyimbo za kampeni.

Kambarage alizaliwa Butiama mwezi wa Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi katika Wazanaki, kabila dogo lisilojulikana sana zamani zile nje ya wilaya ya Musoma. Mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi. Mtoto alikulia mahali ambapo mambo ya nchi yalizungumzwa na wazee waliokaa pamoja. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, alipenda kueleza ya kuwa wazee wa Kiafrika hawakuwa na haraka ya kuhesabu vichwa: walikaa chini ya mti, wakazungumza mpaka wakapatana. Mawazo hayo yafaa tuyaweke akilini, kwa kuwa yalimfaa sana katika siasa, na tena, kama tutakavyoona, yalimponza.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma mjini, mwendo wa wapata maili 26 kutoka nyumbani. Kutoka huko alikwenda shule ya Tabora, kisha Chuo cha Makerere huko Uganda. Mwishoni mwa mwaka 1943 alibatizwa katika misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, akapewa jina la Julius. Alifundisha shule ya Mtakatifu Maria huko Tabora, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada yake mwaka 1952. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Maria Gabriel, akaenda kufundisha shule ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa Rais wa chama cha Waafrika kilichoitwa TAA. Ndipo siasa ilipoanza kumvuta kwa nguvu.

Ili wasomaji vijana waelewe kazi iliyomngoja, yatupasa kueleza jinsi baraza lenyewe lilivyokuwa. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926, na kwa karibu miaka 20 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwaka 1945 ndipo Gavana alipowateua watemi wawili, Abdiel Shangali wa Machame na Kidaha Makwaia wa Usiha. Mwaka 1955 likapangwa upya: wajumbe 31 upande wa Serikali, na 30 upande wa pili, yaani Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Wakati huo Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, na Wazungu wa nchi nzima, wakubwa kwa watoto, wapata elfu ishirini. Tena, hata kama wajumbe wote 30 wa upande wa pili wangekuwa na neno moja, Serikali ilikuwa na kura moja zaidi yao. Mjumbe aliweza kuuliza, kulalamika na kupendekeza. Kushinda hakuweza, isipokuwa Serikali yenyewe itake.

Katika baraza hilo Mwalimu aliingia mara ya kwanza mwaka 1954, kwa muda tu, akishika nafasi ya Kidaha Makwaia aliyekuwa katika tume ya kifalme ya kuchunguza habari za ardhi na watu katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 7 Julai mwaka huohuo TAA iligeuzwa kuwa TANU, naye akawa Rais wake. Machi 1955 alisafiri hadi New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Akauacha ualimu pamoja na mshahara wake, akarudi kwao na jamaa yake. Miezi ile alikaa Musoma akimfundisha padre mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki, kabla ya kurudi Dar es Salaam kuendelea na kazi ya chama. Mababa wa jamaa wanaosoma habari hii watajua uzito wa uamuzi huo.

Mwanzoni mwa mwaka 1957 Serikali ilimkataza kuhutubia mikutano ya hadhara. Lakini mwaka huohuo Gavana Twining aligeuka, akamteua kuwa mjumbe wa Baraza pamoja na Rashidi Kawawa. Ilikuwa rahisi kudhani ya kuwa mtu aliyenyimwa uwanja wa kusemea, akiisha kupewa kiti na heshima yake, atatulia. Mwalimu hakutulia. Alijadiliana na Serikali, akapendekeza hatua za kuwaletea wananchi sauti katika uchaguzi uliokuwa ukija, akasikilizwa kwa adabu na kukataliwa. Mwezi wa Desemba 1957, baada ya miezi michache tu, alikirudisha kiti kwa aliyempa, akaeleza sababu zake hadharani.

Yafaa tulitazame jambo hili vizuri. Wako watu wanaojiuzulu kwa hasira, na wako wanaong'ang'ania kiti hata kama hakina faida kwa mtu yeyote ila wao. Mwalimu alifanya jinsi mtumishi mwaminifu afanyavyo: alijaribu kwanza, akaona ya kuwa kukaa kwake kunaifanya Serikali ionekane inawasikiliza watu hali haiwasikilizi, ndipo akatoka. Maana kiti kile kilikuwa amana ya wale aliowasemea. Aliyejiuzulu katika nchi yetu kwa sababu hiyo hatumwoni mara nyingi.

Lakini mwezi mmoja tu baadaye, Januari 1958, mtu huyohuyo aliwashawishi wenzake kuingia katika uchaguzi aliokuwa ameulaumu. Huo ulikuwa uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuwachagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura: ilimpasa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Katika mkutano wa TANU huko Tabora wajumbe wengi walitaka chama kiususie. Mwalimu aliona ya kuwa wakiususia, viti vyote vingekwenda kwa wapinzani wao, na sheria ingebaki vilevile kwa miaka mingi. Akawashinda kwa hoja. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake mwenyewe. Uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara.

Msomaji aweza kuuliza: je, hakujipinga mwenyewe, kutoka Desemba na kutaka kuingia Januari? Sisi hatuoni hivyo. Kiti cha Desemba kilikuwa zawadi ya Gavana. Kiti cha uchaguzi, hata kikiwa kimezungukwa na masharti mabaya, kilikuwa cha kuombwa kwa wananchi, na aliyekipata aliwajibika kwao.

Hata njia ya kukifikia kiti hicho haikuwa nyepesi. Katikati ya mwaka 1958 alishtakiwa kwa habari aliyoiandika juu ya maofisa wawili wa wilaya, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ikalipwa, naye akaendelea na kampeni. Hakusimama kwao Musoma. Alisimama katika Jimbo la Mashariki, kama mikoa ilivyoitwa siku hizo, akashindana na Patrick Kunambi, akamshinda. Ndivyo mwana wa Butiama alivyotumwa barazani na watu wasiojua Kizanaki hata neno moja. Katika uchaguzi ule, uliomalizika Februari 1959, TANU na wale Wazungu na Waasia iliowaunga mkono walipata ushindi mkubwa mno.

Mwaka 1959 Gavana mpya, Turnbull, aliwachukua wajumbe watano waliochaguliwa akawafanya mawaziri. Mwalimu hakuwa mmoja wao. Alibaki kiongozi wa wajumbe wote waliochaguliwa, Waafrika, Waasia na Wazungu, akiibana Serikali itaje siku ya madaraka. Tarehe 22 Oktoba 1959, akisema katika Baraza hilo, alitoa ile habari ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, uwape watu wa nje ya mipaka yetu tumaini palipo na kukata tamaa, upendo palipo na chuki, na heshima palipo na dharau. Watoto wetu wanaojifunza habari za mwenge shuleni yafaa wajue ya kuwa zilianzia katika mjadala wa baraza, kinywani mwa mjumbe aliyekuwa bado hana cheo serikalini. Mwezi wa Desemba Gavana alitangaza ya kuwa nchi ingepata serikali ya madaraka mwaka 1960. Katika uchaguzi wa mwaka huo TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Mwalimu akawa Waziri Kiongozi, kisha Waziri Mkuu tangu Mei 1961.

Sasa tumefika kwenye kura ambayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote katika maisha yake. Ilikuwa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru. Serikali ilileta mswada wa uraia. Ulisema ya kuwa mtu aliyezaliwa Tanganyika, ambaye baba au mama yake naye alizaliwa humu, atakuwa raia siku ya Uhuru, awe wa rangi yoyote. Na wengine waliokaa humu wangeweza kuomba kuandikishwa katika muda uliowekwa. Wabunge kadhaa walisimama kuupinga. Walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza, na wale wengine wangojee. Maneno yao yalipendwa na wengi huko nje. Watu walikuwa wameonewa miaka mingi kwa ajili ya rangi yao. Walikuwa wameona shule tatu, hospitali tatu, mishahara mitatu. Waziri Mkuu aliyetafuta kupendwa angeweza kunyamaza tu, akauacha mswada ubadilishwe kidogo kidogo.

Tarehe 18 Oktoba Mwalimu alisimama akajibu, na waliokuwapo waliona hasira yake. Aliwaambia wenzake ya kuwa uraia wa nchi hii utakuwa juu ya msingi wa utii kwa nchi, na si juu ya rangi. Ya kuwa ubaguzi ndio waliokuwa wakipigana nao. Na kwamba watu wakianza kuiabudu rangi ya ngozi, wanaifuata njia ya Hitler na ya watawala wa Afrika ya Kusini. Kisha akafanya jambo ambalo wakuu wa serikali hulifanya mara chache. Aliwaachia wabunge wapige kura kwa hiari yao, akatangaza ya kuwa mswada ukikataliwa, Serikali yake itajiuzulu. Mswada ukapita.

Twaomba jamaa zinazosoma gazeti hili zilifikirie tendo hilo. Wale aliowatetea hawakuwa na kura za kumfaa. Walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wameishi vizuri zaidi chini ya ukoloni kuliko mama yake mwenyewe kule Butiama. Angewaacha, kiti chake kisingetikisika. Aliweka rehani cheo alichokitafuta kwa miaka saba, tena kabla hajaiona siku yenyewe ya Uhuru, ili mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza na mtoto wa Kizungu aliyezaliwa Arusha wasihesabiwe wageni katika nchi yao. Wakristo twafundishwa ya kuwa watu wote ni wana wa Baba mmoja. Ni rahisi kulisema neno hilo kanisani. Mwalimu alilipigania katika Bunge, mahali ambapo lilikuwa na gharama.

Mwezi mmoja na nusu baada ya Uhuru, Januari 1962, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Kawawa, akaenda kukitengeneza chama mikoani. Mwishoni mwa mwaka huo alichaguliwa Rais wa Jamhuri kwa kura zaidi ya milioni moja, dhidi ya elfu ishirini na moja hivi za Mtemvu. Tangu hapo hakuwa tena mwulizaji wa maswali. Yeye ndiye aliyepasa kuulizwa. Na hapa hatuna budi kusema sehemu ya pili ya habari, ingawa si tamu.

Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini pasipo hukumu ya mahakama, naye alipokuwa Rais aliitumia. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Hatumsingizii kwamba alitaka kuwaziba watu kinywa. Aliamini, kama wazee wa Butiama, ya kuwa watu wa nyumba moja huzungumza mpaka wapatane, na ya kuwa vyama viwili vingeigawa nyumba changa. Tena alijitahidi kuwaachia watu uchaguzi: katika kila jimbo walisimama wagombea wawili wa TANU, mmoja na alama ya jembe, wa pili na alama ya nyumba, na mwaka ule wa 1965 hata waziri mashuhuri kama Paul Bomani alianguka. Mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ili mtu mdogo aliyeonewa na mkubwa apate pa kulalamikia. Mambo hayo yalikuwa mema.

Lakini wazee chini ya mti waliweza kupatana kwa sababu kila mmoja aliweza kukataa. Mwezi wa Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, kwa njia ipitayo Bunda, kuliunga mkono Azimio la Arusha, na watu walimpokea kwa furaha kubwa. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1968, TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, na kwa kufukuzwa chamani wakavipoteza viti vyao Bungeni. Baadhi yao walikuwa wamehoji mamlaka ya Chama juu ya Bunge, au mwenendo wa wakubwa wa serikali mikoani. Wananchi waliowachagua hawakuulizwa. Mtu aliyekirudisha kiti mwaka 1957, kwa sababu Serikali haikusikiliza maswali yake, sasa aliongoza chama kilichowanyang'anya viti wenye maswali.

Hasara yake haikukawia kuonekana. Kati ya miaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji. Wako waliokwenda kwa hiari, lakini wako wengi waliolazimishwa, na mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Agizo lilitoka katika Chama. Sheria ya vijiji ilipitishwa na Bunge mwaka 1975, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Yaani Bunge lilikuja nyuma ya malori. Hatujui taabu kiasi gani ingeepukwa kama wabunge wangesimama mapema kuuliza nani ameagiza, kwa sheria gani, na mama mwenye watoto wachanga atalala wapi usiku wa kwanza. Twajua tu ya kuwa kuuliza huko ndiko kazi yao, na ya kuwa walikwisha kuona yaliyowapata wenzao waliouliza. Mwaka huohuo wa 1975 Katiba ikabadilishwa kutamka ya kuwa Chama ndicho chenye mamlaka ya mwisho.

Kwa haki yake twasema hivi: Mwalimu hakujificha. Alikiri mwenyewe ya kuwa Katiba ile ilimpa Rais uwezo wa kutosha kuwa dikteta. Aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, jambo ambalo watawala wengi wa Afrika hawakulifanya. Na mjadala wa vyama vingi ulipokuja, Tume ya Jaji Nyalali ikakuta watu wanane katika kila kumi wakikitaka chama kimoja, Mwalimu alisema wale wawili wasikilizwe. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mtu aliyekuwa amejenga ukuta alisaidia kuubomoa, hali wengi walipenda ubaki.

Na mara ya mwisho alipolikabili Bunge, hakuwa na kiti wala cheo. Agosti 1993 wabunge walikubali hoja ya kuunda Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mwalimu aliipinga. Hakutuma askari, wala hakuwa nao. Alisema na viongozi, akaandika kitabu, kilichotoka mwaka 1994, akiwalaumu kwa majina wale alioona wamekosa kuongoza. Wako waliokubaliana naye na wako wanaomkatalia hadi leo. Lakini njia aliyoitumia ilikuwa ileile ya mwaka 1959, yaani hoja.

Basi kumbukumbu hii yatufundisha nini sisi tunaoishi leo? Mara nyingi Bungeni Spika huwauliza wabunge, nao hujibu kwa sauti, ndiyo au siyo, na upande wenye sauti kubwa hushinda. Kwa namna hiyo mwananchi hawezi kujua mbunge wake alijibu nini, wala kama alikuwamo ukumbini. Ni katika mambo machache, kama kura ya bajeti ya mwaka, ambapo wabunge huitwa mmoja mmoja kwa majina. Lakini maswali yao huandikwa. Kila mkutano wa Bunge una kipindi cha maswali, wizara hujibu, na yote huingia katika taarifa rasmi za majadiliano. Asiye na nafasi ya kuzisoma aweza kumwuliza mhusika mwenyewe.

Nasi twaona ya kuwa nafasi ya kumwuliza hupatikana mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mbunge huja parokiani siku ya harambee. Huleta mabati ya kanisa au mifuko ya saruji, naye hupewa kiti cha mbele na kipaza sauti. Tumshukuru kwa mabati. Kisha wazee wa parokia wamwulize kwa adabu: mwaka huu umeuliza maswali mangapi, na juu ya nini? Ulisemaje siku ya mswada fulani? Yuko mchache yeyote uliyemtetea, asiye na kura ya kukupa? Anayefanya kazi yake atafurahi kuulizwa. Anayekasirika ametoa jibu tayari.

Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alizikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999. Kama Kanisa litamtangaza Mwenye Heri au halitamtangaza, hilo tunaliacha kwa wale waliopewa kazi ya kulipima. Tuliloweza sisi ni kusema aliyoyatenda alipokuwa mwakilishi wa watu, na yaliyotokea aliposahau kwamba wawakilishi wengine nao walikuwa na haki ya kukataa kama yeye. Wazazi wa Musoma, wa Bunda na wa nchi nzima, watakapowasimulia watoto wao habari za Mwalimu jioni hii, wawasimulie kiti alichokirudisha mwaka 1957 na kura ya mwaka 1961. Na wasiwafiche viti vile vya mwaka 1968.